Mkeka wa ukweni

Mi kiatu cha swedi nachagua kwa kidole bana. Pale Karume kila mtumba unaambiwa ni gredi wani, kwa hiyo mdomo wa muuzaji namwachia mwenyewe, napitisha kidole kwenye ngozi, vinyweleo vikilala huku rangi inakoza, ukirudisha kidole rangi inapauka, hapo ndo swedi yenyewe, ule upande wa ngozi uliokuwa unagusana na nyama. Rangi ikigoma kubadilika mara nyingi ni kitambaa tu kimebandikwa, rudisha juu ya turubai endelea na safari.

Sasa hivi vyangu vilipita mtihani. Vile vibuti vifupi vya rangi ya mchanga vinavyoishia kwenye kifundo, Wakenya wana vya Bata vinafanana navyo wanaviita safari boot. Vya Clarks vilianza na Nathan Clark, alikuwa mwanajeshi wa Kiingereza Burma mwaka 1941, akawaona maofisa wenzie wamevaa buti walizotengenezewa sokoni Cairo, ilipofika 1950 kampuni ya ukoo wao ikawa inaviuza. Soli yake raba mbichi, utomvu wa mpira umegandishwa ukakaushwa basi, haijapikwa na salfa, ndo maana ukitembea husikiki kabisa unawatokea watu kama paka. Ila ina maadui wawili, joto na petroli.

Mjomba wangu amestaafu udereva wa malori na kwake petroli ni dawa ya kila kitu. Mkono una grisi, petroli. Siafu ndani, petroli.

Kaka yangu alikuwa anataka kuoa Tanga, mjomba ndo mshenga, mi nikapangwa kumsindikiza kupeleka barua ya posa. Nikalala kwake Kimara ili asubuhi tuwahi basi Mbezi. Usiku tunakula sambusa, tone la mafuta likaruka likatua kwenye ncha ya kiatu cha kulia, doa jeusi hilo la duara. Sikupaniki. Swedi ikiingia mafuta usiiguse na maji wala usiisugue, unamwagia unga mkavu, wa muhogo au hata poda ya mtoto, unaacha usiku kucha unyonye, asubuhi unapiga brashi taratibu. Nikaweka unga wa muhogo wa kutosha, kiatu nikakiacha kwenye kiti sebuleni, nikalala kwa amani.

Alfajiri mjomba kaamka kuswali, anapita sebuleni anaona kiatu kina unga. Mi niko bafuni nasikia tu sauti, "We mama, nani kakimwagia kiatu cha watu unga? Tunaenda kuposa ama tunatoka mashineni?" Nikapiga kelele mjomba acha hivyohivyo, ila maji yanamwagika nani anasikia. Natoka nakuta kamaliza. Kachukua tambara kalichovya petroli ya jenereta kafuta kiatu kizima, juu, pembeni, na kile cha pili ili visitofautiane, afu soli ndo kazisugua kwelikweli eti zilikuwa za njano zimechafuka. Raba mbichi ni ya njano jamani, imezaliwa hivyo!

"Ona mjomba, doa limetoka." Na kweli asee, doa lilikuwa limetoka, ningesema nini? Viatu vingine nilikuwa nimebeba kandambili, posa huendi na kandambili.

Ndani ya basi bado hatujafika hata Kibaha harufu ikaanza kutambaa. Mama mmoja nyuma, "Konda, kuna mtu kabeba petroli humu!" Konda akaanza kupekua mizigo, kanusa ndoo ya mtu, kanusa begi la mwanafunzi, na aliyelalamika kuliko wote ni mjomba, "Abiria wengine hawana ustaarabu kabisa, mnataka kutuua!" Huku kanikalia pembeni, mguu wake na wangu vimegusana. Mi nikawa naangalia mkonge dirishani japo mkonge wenyewe ulikuwa bado sana.

Na siti yetu ilikuwa mbele kabisa, miguu karibu na injini, chini kunawaka moto. Tunafika Tanga nainuka, kiatu hakiinuki. Nikavuta, kikatoa sauti ndefu ambayo siwezi kuiandika, abiria wote wakanigeukia wakaniangalia na suruali. Kuanzia hapo soli ikawa gundi. Njia nzima ya mchanga mpaka kwa wakwe naokota kila kitu, changarawe, kisoda, maganda ya karanga, tiketi ya mtu, nikawa narefuka kila hatua. Mjomba kwa utaratibu kabisa, "Nyanyua miguu mjomba, unaburuza mno."

Kufika, hodi hodi, karibuni, tukavua viatu barazani juu ya mkeka mzuri wa ukindu wenye nakshi, mpya, inaonekana ulitandikwa kwa ajili yetu. Kile kibaraza kinaangalia jua. Ndani mjomba akapiga maneno yake, tumepita tumeona ua limechanua bustanini kwenu, sijui nini, wazee wakatikisa vichwa, barua ikapokelewa, tukala wali wa nazi na samaki, yani mambo yakanyooka mpaka nikasahau miguu.

Tunaaga. Navaa vibuti, nafunga kamba, nawapa wazee mkono, shikamooni tena, napiga hatua kushuka barazani na mkeka ukaja na mimi. Wote. Nikapiga hatua nyingine nikidhani utaachia, viatu vya mjomba ambavyo alikuwa hajavaa vikaja navyo vimekaa juu ya mkeka. Kuna katoto kakapiga yowe, "Bibi, mgeni anaondoka na mkeka wetu!" Bibi harusi mtarajiwa yuko dirishani kajifunika kanga usoni mabega yanatingishika. Bibi mzaa mama akatoka, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mwacheni, kila mtu na posa yake."

Tukaubandua mimi na baba mtu tumeinama, anavuta huku navuta huku, ukindu ukakatika vipande vingine vikabaki kwenye soli. Mjomba pembeni anawaambia wazee, "Vijana wa siku hizi na viatu vya mitumba."

Majibu ya barua yalikuja, wamekubali. Chini kuna orodha kama kawaida, mahari, mkaja wa mama, kanzu ya baba, blanketi la bibi, afu mwisho kabisa kwa kalamu ya rangi nyingine, mkeka wa ukindu mmoja, wa mlangoni.

Mkeka nimeununua mimi. Mjomba kagoma kuchangia, anasema petroli yenyewe alitoa bure.