Atasahau Kwamba Ulikuja. Kisha?

Familia yenye mzee wa demensia, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, kwenye makao ya wazee haikawii kuifikia hoja hii: nisafiri saa tatu kwa lipi, ikiwa kabla sijafika kituo cha basi atakuwa ameshasahau kwamba nilikuja? Wahudumu nao wana lao. Mgeni akishaondoka, wao ndio wanaobaki na mzee anayetikisa kitasa cha mlango akidai kurudi kwao, na chakula cha jioni kinarudi jikoni hakijaguswa.

Hayo hutokea kweli, na anayeyasema si lazima awe mkosa utu. Ila yanachukulia kwamba kumbukumbu ikifutika, hisia nayo imekwenda.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wagonjwa 17 wa Alzheima, aina ya demensia iliyoenea zaidi, walionyeshwa vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha, kila fungu kama dakika 20. Muda mfupi baadaye walikumbuka machache mno ya walichokitazama, lakini huzuni ilikuwapo bado, na furaha pia, hadi nusu saa. Watu 17 ni wachache, na nusu saa si siku. Hata hivyo kuna tokeo moja lisilosemwa sana: waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliokaa na huzuni zaidi. Mimi nalisoma hivi: anayejua kilichomliza hujituliza, ah, ilikuwa filamu tu. Asiyejua anabaki na uzito kifuani, wala hajui aulaumu nini.

Basi wahudumu wanaolalamika macho yao hayawadanganyi. Wanachokiona ni masalia ya ziara iliyokwenda kombo, na ziara huenda kombo kwa vitu vidogo. “Unanijua mimi nani?” ni mtihani, na mzee anaufeli mbele za watu. Mtokee kwa mbele, keti macho yenu yalingane, jitaje mwenyewe: “Shikamoo bibi, mimi Asha, wa Salma.” “Marahaba” huweza kumtoka yenyewe hata aliyepoteza majina ya wanawe, na hapo mazungumzo yameshaanza. Kabla ya hapo futa miwani yake na ukague betri ya kifaa cha kusikia. Baadhi ya tunayoyaita kuchanganyikiwa ni kutosikia tu. Zimeni televisheni. Wawili wanatosha, siyo ukoo mzima. Nenda asubuhi, maana jua likianza kushuka wengi wao huingiwa na wahaka.

Akimuulizia mama yake aliyefariki miaka 40 iliyopita, usimtangazie msiba. Kwake ni habari mpya, ataulia upya. Muulize mama alikuwa akipika nini. Na kama umemkuta amebadilika ghafla ndani ya siku mbili, mwambie muuguzi siku hiyohiyo: kwa wazee, maambukizi ya njia ya mkojo huweza kujitokeza kwa sura hiyo.

Kwa walio Ulaya, mzee huweza kupoteza Kiingereza akabaki na Kiswahili, wahudumu wakamwandika “hasemi”. Bandika ukutani maneno kumi na maana zake: maji, choo, baridi, inauma.

Kuondoka ndiko kunakoharibu zaidi. Koti na mkoba viache mapokezi tangu unapoingia, uliza chakula cha mchana huletwa saa ngapi, na uinuke sahani ikishafika mbele yake, kijiko kikiwa tayari mkononi.