Rangi sio feki jamani, zinaunganishwa

Naona makala inasema hii picha ya setilaiti iko "kama ilivyopigwa", na huku kwenye maoni watu washaanza kusema rangi ni feki, wote hamjapatia. Setilaiti haipigi picha ya rangi kama simu, inarekodi kila bendi (yaani kipande kimoja cha mwanga) peke yake tena kwa kijivu, nyekundu kivyake, kijani kivyake, bluu kivyake, na zingine jicho halizioni kabisa kama infraredi. Kwa setilaiti ya Landsat 8 unachukua bendi ya 4, 3 na 2 unaziweka kwenye nyekundu, kijani na bluu za picha, basi rangi hiyo hapo. Ila ukiishia hapo picha inatoka na giza halafu ina utando wa bluu, maana hewa inatawanya zaidi mwanga wa bluu, kwahiyo lazima uuondoe ule utando ndo upandishe mwangaza, na hapa ndo watu wanazidishaga mpaka msitu unang'aa kama plastiki. Na GOES-16, setilaiti ya hali ya hewa, haina hata bendi ya kijani! Inakadiriwa tu kutoka kwenye nyekundu, bluu na infraredi ya karibu (ile iliyo jirani na mwanga unaoonekana). Mhariri angetuandikia bendi zipi zimetumika, mstari mmoja tu.