Baba Anasema Uzime Vita

True Detective, tamthilia ya wapelelezi wa Marekani, si ya kuangalia huku unachambua mchele. Ukigeuza shingo kidogo umeshaachwa: mara uko mwaka 1995, mara 2012, na yule Rust Cohle wa Matthew McConaughey anaongea kama mtu aliyefiwa na dunia nzima. Sizoni ya kwanza ilitoka 2014, episodi nane tu, nami nilikuja kurushiwa kwenye simu watu wote wameshaisahau. Basi nikaipa heshima yake. Taa nimezima, pazia nimeshusha, vispika vya Bluetooth nimevisokomeza masikioni. Joto la Tabata likanifanya nitoke jasho sawasawa na wale wapelelezi kwenye mashamba ya miwa ya Louisiana.

Sasa, sabufa ya baba mwenye nyumba iko sebuleni, ukuta mmoja na chumba changu, na simu ya mwisho kuunganishwa nayo ilikuwa yangu, siku ya sherehe ya kitinda mimba wao. Usiku huo sebuleni kulikuwa na ugeni mzito: upande wa mwanamume wameleta barua ya posa ya binti mkubwa. Mama mwenye nyumba, kwa kupenda mambo yapendeze, akawasha sabufa itoe kaswida taratibu. Sabufa haikuwa na habari na kaswida. Ikamtafuta rafiki yake wa mwisho.

Mimi huku niko mwisho wa episodi ya nne. Rust amejipenyeza kwenye genge la waendesha pikipiki, wamevaa kipolisi, wanakwenda kuvamia nyumba ya wauza unga. Kamera inamfuata kama dakika 6 bila kukatwa hata mara moja: anamkokota jamaa anayeitwa Ginger, wanapita nyumba za watu, wanaruka uzio, helikopta iko juu yao. Cary Fukunaga, mwongozaji, alipewa tuzo ya Emmy kwa episodi hiyo, na mimi ningemwongezea kiwanja kama ningekuwa nacho. Risasi ya kwanza inataka kulia tu, sauti ikapotea.

Kusimamisha? Haiwezekani. Mwenzako kahangaika dakika zote hizo hajakata, wewe ukate? Nikaongeza sauti. Kimya. Nikachomoa kispika cha kushoto, nikakipuliza, nikakifuta kwenye fulana, nikakihamishia kulia. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho. Ukutani nikasikia ngurumo, duf duf duf, nikasema moyoni hawa nao, siku ya posa wanapiga singeli?

Ya sebuleni nilikuja kusimuliwa. Mshenga alikuwa ndiyo kwanza amekohoa, ameanza: "Sisi tulikuwa tunapita njia, tukaona ua limechanua kwenye bustani yenu..." Paa! Ikafuata sauti ya mwanamume anatukana kwa Kiingereza, tusi ambalo hata asiyejua Kiingereza alilielewa. Baba mwenye nyumba akarukia sabufa, akapunguza. Mimi nikaongeza. Akapunguza, nikaongeza. Helikopta ilipofika, glasi za kabatini zikaanza kugongana, na mzee mmoja wa upande wa mwanamume akateremka kwenye kochi akakaa chini, na barua ya posa ameikinga kichwani.

Mlango wangu ukagongwa. Yule kitinda mimba, macho yanamng'aa kwa raha.

"Kaka, baba anasema uzime vita."

Nilivaa shati nikaenda kuwaangukia wageni. Nilipiga shikamoo mpaka kwa mtu ninayemzidi umri. Nikasema samahani wazee wangu, ni teknolojia. Baba mwenye nyumba ananitazama jicho la kodi ya miezi sita. Mshenga akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Aliyekuwa anakokotwa, walifika?"

Kumbe wote walitaka kujua. Ikabidi nichomeke simu kwenye runinga, na ili waelewe nikawarudisha mwishoni mwa episodi ya tatu. Kama hujaiona sizoni hii, aya chache zinazofuata ziruke, mimi sikupata bahati ya kuonywa.

Rust anafika kwenye shule iliyofungwa, anamkuta mtu anakata majani kwa mashine ya kukalia. Anamuuliza maswali mawili matatu, Marty, mpelelezi mwenzake, anamwita, wanaondoka mbio kumfuata mtuhumiwa mwingine. Shangazi wa bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa hajasema neno toka waingie, akaweka soda yake chini.

"Muuaji huyo."

Nikacheka. Nikamwambia shangazi, huyo ni mpita njia tu.

"Shule imefungwa, hakuna mtoto, hakuna mwalimu. Anamkatia nani majani?"

Wapelelezi wale wawili ilibidi wangoje mpaka 2012, miaka 17, ndoa ya mmoja imeshavunjika na mwingine amebaki ndevu na bia. Shangazi soda haikufika nusu. Zile episodi zangu zilizobaki niliziangalia kama marudio ya mechi niliyoshaambiwa matokeo.

Posa ilikubaliwa usiku uleule, na wanasema hata mahari haikubishaniwa sana, kila mtu alitaka wamalize waone Ginger kafikishwa wapi. Kadi ya mwaliko wa harusi niliipata. Aliileta kitinda mimba, na ujumbe wa mdomo kutoka kwa baba yake: nije, nile, nicheze, simu niiache kwa mlinzi.