Kusoma kwa Kujipangia: Nani Hasa Hutuchagulia Vitabu?

Mwaka 2012 mwandishi wa London, Ann Morgan, aliamua kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi duniani. Alikuwa amegundua kwamba kabati lake limejaa Waingereza na Wamarekani, na vitabu vilivyotafsiriwa karibu hakuna. Kwa hesabu yake nchi zilikuwa 196. Kwa São Tomé na Príncipe hakupata kitabu hata kimoja cha Kiingereza, ikabidi watu wa kujitolea wamtafsirie hadithi za Olinda Beja kutoka Kireno. Miaka mitatu baadaye Mmarekani K. Tempest Bradford alikwenda mbali zaidi: aliwashauri wasomaji wakae mwaka mzima bila kumgusa mwandishi mwanamume wa Kizungu. Waliomshangilia walikuwa wengi, na waliomtukana hawakuwa haba.

Zogo hilo likivuka bahari na kufika kwetu, hugeuka sura. Mtoto aliyesoma Tabora au Machakos hakuhitaji mtu wa kumshurutisha asome ya wengine. Shule ilikwisha kumshurutisha. Ndiyo maana hoja ya kwanza ya wanaopinga nia hii ya kusoma kwa kujipangia, yaani kuchagua kitabu kwa kuangalia mwandishi ni nani na katoka wapi, ina uzito kwetu kuliko huko ilikozaliwa: sisi tumelishwa ya wengine tangu utotoni, tuna deni gani tena?

Wanayo na hoja ya pili, ambayo mimi naiona kali zaidi. Msomaji anayekagua pasi za waandishi kama afisa uhamiaji wa Namanga, huyu Mnigeria pita, huyu Mwingereza subiri, ameshaacha kusoma kabla hajafungua ukurasa. Tena kitabu kimoja hubebeshwa nchi nzima. Mchukue Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar. Msomaji wa mbali akimtumia kuitia alama Tanzania kwenye orodha yake, atakuwa amepata Zanzibar na mwambao, mara nyingi wakati wa Wajerumani na wa Waingereza, kwa Kiingereza cha mtu aliyeishi Uingereza tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni fasihi ya hali ya juu. Lakini Sukuma haimo, Kagera haimo, wala mpangaji wa Manzese hayumo, na msomaji yule anaondoka akiamini kwamba nchi amekwisha kuimaliza.

Haya yote nayakubali. Ninapogoma ni pale mtu anaposema, “Mimi nasoma ninachokipenda tu, sichaguliwi.” Anachaguliwa. Tembea kwenye vitabu vilivyopangwa chini mitaa ya Posta, Dar es Salaam, au kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Utamkuta Robert Kiyosaki, utamkuta Robert Greene, utakuta vitabu vya namna ya kupata utajiri na namna ya kumtawala mwenzio, na riwaya za Kimarekani ambazo msomaji wake wa kwanza alishazichoka. Ingia maktaba ya shule na sehemu kubwa ya rafu inaweza kuwa imejazwa na msaada. Shirika la Book Aid International la Uingereza lilianza kazi hiyo tangu 1954. Silaumu msaada, maana bila huo rafu nyingi zingekuwa tupu. Ila tusijidanganye kwamba mapenzi yetu yalizaliwa yenyewe. Tunapenda kile kilichotufikia, na kilichotufikia kilipangwa na mtu mwingine.

Kenya inatoa mfano mzuri wa jambo hili. Kwa miaka kadhaa watahiniwa wa kidato cha nne walisoma riwaya ya Ken Walibora na tamthilia ya Timothy Arege. Orodha ilipobadilishwa, zikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea. Hivyo kwa amri moja vijana wa nchi nzima wakawa wanasoma wanawake wawili kwa mpigo, bila yeyote kati yao kuweka nadhiri ya mwaka mpya. Tanzania kwa miaka mingi riwaya zilizotahiniwa kidato cha nne zilikuwa Takadini, Watoto wa Mama N’tilie na Joka la Mdimu, na zote tatu ziliandikwa na wanaume. Kijana aliyemaliza shule akidhani riwaya ya Kiswahili ni kazi ya wanaume hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa hivyo bila mtu kumtamkia. Nani angemwambia kwamba Zainab Burhani wa Zanzibar alikuwa akichapisha riwaya tangu miaka ya 1980? Au kwamba Zainab Alwi Baharoon alishinda tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili kwa Mungu Hakopeshwi?

Kuna la kusemwa dhidi ya dawa hii ya kupangiwa na serikali pia. Kitabu cha mtihani husomwa kwa mwongozo: dhamira, wahusika, tamathali za usemi, basi. Wengi walioikariri Kigogo hawakurudi kumtafuta Pauline Kea baada ya mtihani. Serikali inaweza kukuwekea kitabu mkononi, kukipenda haiwezi kukuamrisha.

Pengo linaloniumiza zaidi, hata hivyo, ni la majirani. Oktoba 2021 ilikuwa ya ajabu katika pande hizi. Tarehe 7 Gurnah alitangaziwa Nobeli, na Watanzania wengi ndiyo kwanza wakalisikia jina lake, wakaanza kubishana kama ni wetu au si wetu kabla hawajamsoma. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ambayo Gurnah aliitoa mwaka 1994, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hadithi ya mtoto anayepelekwa mwambao akiwa rehani kwa deni la baba yake ilichukua miaka 28 kufika kwenye lugha ya mwambao wenyewe. Tarehe 20 ya mwezi ule ule, Paulina Chiziane wa Msumbiji alipewa Tuzo ya Camões, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wanaoandika kwa Kireno. Hilo kwetu lilipita kimya.

Na Chiziane angetufaa kweli. Niketche, riwaya yake ya 2002, inahusu mwanamke anayegundua kwamba mumewe ana wanawake wengine mjini, kisha badala ya kupigana nao anawakusanya. Msomaji wa Mtwara hahitaji kueleweshwa uke wenza ni nini wala ngoma za unyago ni za nini. Msumbiji ipo ng’ambo ya Ruvuma tu. Lakini kitabu kikitaka kumfikia, njia yake ya kawaida ni Lisbon, kisha London, kisha Kiingereza, kisha bei ya kitabu cha kuagiza. Ndivyo ilivyo kwa Scholastique Mukasonga wa Rwanda na Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, mji unaozungumza Kiswahili, ambao wameandika kwa Kifaransa. Tunapakana nao, tunauziana samaki na vitenge, ila vitabu vyao hutufikia vikitokea Ulaya.

Haikuwa hivi daima. Miaka ya 1970 msomaji asiyejua Kiingereza aliweza kumpata Chinua Achebe katika Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute, Ayi Kwei Armah katika tafsiri ya Abdilatif Abdalla, na Ferdinand Oyono wa Cameroon, aliyeandika kwa Kifaransa, katika Boi. Moscow na Beijing nao walituletea vitabu vya Kiswahili, kwa faida yao wenyewe, tukavisoma kwa faida yetu. Mtu anayesoma Kiswahili peke yake leo hana Afrika pana kama aliyokuwa nayo baba yake, na sidhani kama tumelizungumza hilo vya kutosha.

Kwa hiyo najikuta na wanaojipangia, ila sipangi kama wao. Orodha ya nchi 196 ni mchezo mzuri kwa mtu wa London. Mimi ningechukua jirani mmoja na kukaa naye. Vitabu vitatu vya Msumbiji vitabishana vyenyewe kwa vyenyewe, na katika ubishi huo ndipo msomaji anapoacha kuamini kwamba amekwisha kuijua nchi. Kitabu kimoja kimoja kutoka nchi thelathini hakina wa kubishana naye. Wala sioni haja ya kumfukuza mtu kwenye rafu. Anayempenda Kiyosaki aendelee naye.

Inabaki bei, na hapa ndipo mashauri ya wapenda vitabu huanza kunuka ushuani. Kumwambia mwalimu wa shule ya kata aagize riwaya ya Kimsumbiji kwa Kiingereza ni kumdhihaki. Anachoweza kufanya ni kuuliza: amuulize muuza vitabu, amuulize mkutubi, amuulize mchapishaji pale kwenye maonyesho ya vitabu. Mchapishaji hatamlipa mtafsiri kwa kitabu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia.