dd au fio, namba ipi ya diski uiamini?

Sisi tunaohudumia seva za Linux tuna ubishi hauishi, kuna wanaosema kupima spidi ya diski dd, ile amri ya kunakili data, inatosha na kuna wanaosema bila fio, programu ya kupima diski, unajidanganya, na mi nimeshakaa pande zote mbili.

Wa dd wana hoja nzito. Iko kwenye kila Linux, huinstoli kitu, unaandika mstari mmoja sekunde chache una jibu, na seva ikianza kukokota usiku wa manane hiyo inasaidia sana. Ila wengi wanaandika dd if=/dev/zero of=test bs=1M count=1024 wanaishia hapo, inatoka 1.8 GB kwa sekunde wanafurahi. Hiyo ni RAM jamani! Kerneli, kiini cha Linux, imepokea data ikaiweka kwenye keshi humo kwenye RAM, diski itaandikiwa baadaye. Kama diski ni ya SATA, kiunganishi cha kawaida cha diski, waya wenyewe haupitishi zaidi ya 600 MB kwa sekunde, sasa hizo zingine zimepita wapi? Weka conv=fdatasync mwishoni, itasubiri data ifike diskini kweli ndo ikupe muda. Na bado, /dev/zero inatoa sifuri tupu, nazo zinabanika, ukiwa na mfumo wa faili wa ZFS uliowashwa kompresheni karibu hakuna kinachoandikwa.

Kilichonihamisha mimi ni seva moja niliyokodi kuweka hifadhidata ya PostgreSQL. Nilipima na dd, tena na fdatasync, namba safi kabisa, haikupita wiki watu wanalalamika malipo yanachelewa kusevu. dd haikudanganya, ilijibu swali lingine. Yenyewe inaandika mabloku makubwa kwa mfululizo, wakati PostgreSQL inashika kurasa za kB 8 zilizotawanyika na kila muamala unasubiri fsync, yaani uthibitisho kwamba data imefika diskini, irudi kwanza. Diski ya kuzunguka ya 7200 RPM (mizunguko kwa dakika) inatumia kama milisekunde 8.3 kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo hata iwe na mamia ya MB kwa sekunde kwenye mfululizo, hapa itakwama tu. Nikarudia na fio, bs=8k, randwrite, fsync=1, yaani kuandika kB 8 sehemu zilizotawanyika na kusubiri fsync kila mara, haikuandika hata mara 100 kwa sekunde. Hapo nikaelewa.

fio imeandikwa na Jens Axboe, huyohuyo anayesimamia upande wa diski ndani ya kerneli ya Linux, na inakupa kitu dd haina kabisa: asilimia 99 ya maombi ya kusoma au kuandika yamesubiri muda gani. Wastani unaficha mengi, mtumiaji anakumbuka ile mara moja iliyoganda.

Lakini wa dd wakisema fio nayo inapotosha wako sahihi. Ukiweka iodepth=32 (maombi 32 kwa pamoja) bila kubadili ioengine (njia ya kuyatuma), kwenye Linux inatumia psync, ombi moja baada ya jingine, hiyo 32 haifanyi kazi na wala hujui. SSD za bei rahisi zina keshi ya haraka, ukipima sekunde kumi hujaijaza. Na ukikosea ukaielekeza kuandika kwenye /dev/sda, yaani diski yenyewe nzima, badala ya faili, data imeenda.

Kwangu mimi dd ibaki kwa kuangalia diski kama inakufa. Ukiwa unataka kulipia seva tumia fio iliyofanana na programu yako, angalau dakika kadhaa, na uirudie mchana watu wakiwa kazini, maana kwenye seva ya kukodi diski mnashea na majirani na saa nane usiku wote wamelala.