Ndoo moja chini ya bomba

Mpwa wangu anasoma uhandisi Dar es Salaam. Mwaka wa pili alirudi Tanga kufanya fildi ya wiki nane kwenye shamba moja la mkonge. Wiki sita za mwanzo alikuwa mtu wa fotokopi. Nikimpigia, jibu lilikuwa lile lile: "Shikamoo mjomba, leo tumepanga mafaili." Tunacheka, lakini rohoni nimekasirika.

Wiki ya saba mashine ya fotokopi ikaharibika, ndipo akapelekwa kiwandani. Huko akaangukia mikononi mwa mzee mmoja wa korona, ile mashine inayoparua majani ya mkonge zikabaki singa, yaani nyuzi zake. Mzee hakumpa hotuba. Alimzungusha nyuma ya mashine akamwonyesha bomba la mpira linalomwaga maji hata korona ikizimwa na watu wakienda kula. "Haya msomi, nihesabie haya." Wakatega ndoo ya lita 20, kijana akafungua saa ya simu. Sekunde 16, imejaa. Kwa saa moja ya chakula ni ndoo 225, yaani lita 4,500 zinazokwenda mtaroni bila kuosha hata jani moja. Kila siku ya kazi.

Nayasema haya kwa sababu kampuni siku hizi zimependa kuwaita wanachuo "kutatua changamoto za uendelevu". Nilikaa kwenye shughuli moja ya namna hiyo hapa mjini. Fulana mpya, mabango, maji ya chupa za plastiki kila meza (na mada ni mazingira!). Vikundi vikapewa siku mbili kubuni suluhisho la taka. Hakuna aliyewaambia kiwanda kinatoa taka gani, kiasi gani, na zinamwagwa wapi. Sasa wabuni nini? Wakabuni programu za simu, karibu wote. Washindi wakashikishwa hundi ya kadibodi ndefu kuliko wao, picha zikapigwa, wageni wakapanda magari yao. Waja leo waondoka leo, kama tusemavyo Tanga.

Mkonge unakatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili au mitatu shambani. Tajiri anayeweza kulisubiri jani muda wote huo, kumsubiri mwanafunzi muhula mmoja kunamshindaje?

Kazi zipo tele. Katika uzito wa jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki ni maji na machicha. Pale Hale, mkoani Tanga, kampuni ya mkonge ya Katani ilijenga mtambo wa biogesi ya mabaki hayo kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mwanzoni ukiwa wa kilowati 150. Na mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha majaribio yao: machicha ya mkonge yakichanganywa na taka za samaki hutoa methani, gesi ile inayowaka, nyingi kuliko kila kimoja kikichachushwa peke yake. Mkonge una kaboni nyingi na nitrojeni haba, samaki nitrojeni anayo ya kumwaga, na vijidudu vinavyotengeneza gesi vinataka vyote viwili. Nikipita soko la samaki la Deep Sea asubuhi, nikaona matumbo na mapezi chini ya meza za waparaji, naukumbuka utafiti ule. Nani atayabeba hayo matumbo hadi mashambani kabla hayajaoza, kwa gari gani, kwa shilingi ngapi? Hilo ndilo swali la kumpa mwanafunzi wa biashara, na si la siku mbili.

Wanafunzi nao siwatetei sana. Wengi hawataki kazi inayonuka, na machicha yakilala, jamani, yananuka. Vyuo navyo vimeifanya fildi kuwa muhuri: msimamizi anakuja mara moja, anakunywa soda ofisini, anasaini, huyo kaondoka.

Kampuni inayotaka kweli ifungue geti na daftari. Itoe hesabu zake za maji, umeme na taka hata kama zinatia aibu, imkabidhi kijana kwa mtu mmoja anayeijua kazi, impe nauli na chakula. Wazo lake likitumika, alipwe. Mbona mshauri kutoka nje analipwa?

Mpwa wangu aliandika ripoti, akapendekeza koki mbili na mtu wa kuzifunga. Meneja akaisifu, akaiweka kabatini, na mpaka leo hajapigiwa simu. Yule mzee hakungoja kabati. Kila saa sita, kabla ya kwenda kula, analikunja lile bomba na kulifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi.