Uhura: afisa wa chombo au mpokea simu?

Katika sehemu moja ya Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, iliyorushwa mwaka 1967, mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu zote za Luteni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo. Ikijitetea, inasema fikra za kiumbe yule zilikuwa vurugu tupu. Spock, afisa mwenzake Uhura, anaieleza kuwa huyo ni mwanamke. Nomad inajibu: basi ni lundo la misukumo inayogongana. Baadaye tunamwona Uhura pamoja na nesi, akifundishwa kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea, na uvumilivu unapomwishia anaangukia Kiswahili.

Hapo mimi hucheka na kukasirika kwa mkupuo mmoja. Lugha yetu inasikika angani, tena kinywani mwa mwanamke mweusi mwenye cheo! Halafu unagundua imetiwa hapo kama lugha ya mtu aliyefutwa elimu yake yote.

Ugomvi wa mashabiki kuhusu Uhura, kama ni afisa kweli au mpokea simu tu, ni wa miaka mingi. Wanaomtetea wana hoja nzito. Mwaka 1966 mwanamke mweusi kwenye televisheni ya Marekani mara nyingi alikuwa mjakazi. Mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg amesimulia jinsi alivyomwona Uhura akiwa mtoto, akapiga kelele nyumbani kwamba kuna mama mweusi kwenye runinga na wala si mtumishi wa ndani. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Mwaka 1977 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilimtumia kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga za juu, na kundi lililochaguliwa mwaka uliofuata lilikuwa na wanawake sita, Sally Ride akiwemo. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alikuwa akianza zamu yake kwa maneno ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Hayo huwezi kuyaita mapenzi ya kishabiki tu.

Lakini hebu tazama hadithi zenyewe. Sehemu baada ya sehemu, kazi ya Uhura ni kugusa kifaa sikioni na kumwambia kapteni nani anapiga. Busu lake maarufu na Kirk, kapteni wa chombo, la mwaka 1968 halikutoka moyoni mwa yeyote kati yao: walilazimishwa na viumbe wenye nguvu za akili. Na sehemu ya mwisho kabisa, ya 1969, ina mwanamke anayelalamika kwamba ulimwengu wa makapteni wa vyombo haupokei wanawake. Waandishi walimchora kuwa mwendawazimu.

Gauni fupi jekundu la Uhura ndipo watu hugombana zaidi, nami naona ndipo pasipostahili. Nichols mwenyewe alisema mini wakati ule ilikuwa alama ya ukombozi. Huku kwetu, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga marufuku mini Dar es Salaam, ukiiona kuwa utumwa wa kigeni. Nguo ileile, miaka ileile. Urefu wa gauni hauniambii mengi kuhusu mwanamke wa hadithini; namuuliza anaamua nini.

Jina lake ndilo linaloniuma. Lilitokana na neno "uhuru", likalainishwa mwishoni ili lisikike la kike. Katika Kiswahili hiyo "a" haina jinsia, muulize Juma. Wangetia Z mwanzoni wangepata Zuhura, jina la mabibi zetu na la sayari pia. Badala yake wakalitoa neno maana yake, wakabaki na mlio.

Kwa hiyo mimi niko na wakosoaji kuhusu maandishi, na niko na mashabiki kuhusu mwanamke aliyeyaigiza. Tunapochanganya hayo mawili, waandishi wanavishwa sifa ambazo Nichols alizitolea jasho kwa mkao, sauti na ukaidi wa kubaki kazini. Filamu ya 2009 ilimfanya Uhura bingwa wa lugha, ila ikamfanya pia mpenzi wa Spock. Tamthilia ya 2022 imemfanya Mkenya anayejua lugha 37, na hatimaye ana kisa chake.

Nichols hakuvipata hivyo. Katika filamu ya 1991 Uhura anatakiwa kuzungumza na adui Kiklingoni, lugha ya adui huyo, na badala ya kufungua mdomo tu, yeye na wenzake wanapekua makamusi ya karatasi, lugha ikiwavunjikia mikononi. Nichols alipinga tukio lile: afisa mawasiliano angekosaje kujua lugha hiyo? Likapigwa hivyohivyo, miaka 25 tangu akalie kiti kile.